Vipele usoni kwa kichanga: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Kila anayekuja kumwona mtoto huja na kopo lake. Shangazi ana poda, mama mkwe ana mafuta ya nazi, jirani ana katyubu kalikomsaidia wa kwake. Kabla hujapokea chochote, mtazame mtoto vizuri, maana vipele vingi vya usoni mwa kichanga havihitaji dawa yoyote.

Vile vyekundu vyenye kichwa cheupe au cha njano, vinavyozuka siku ya pili au ya tatu, leo shavuni kesho kifuani, huwapata hata nusu ya watoto waliozaliwa miezi ikiwa imetimia, na huisha vyenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Vidoa vyeupe puani usivitumbue, navyo vitaondoka. Chunusi za kichanga huanza wiki ya pili hadi ya nne na kupotea akifikia miezi mitatu au minne. Harara ndiyo ina mwenye kosa, na mwenye kosa ni joto.

Orodha hii nimeipanga kwa kanuni moja: chenye viambato vichache kinakaa juu.

Namba moja ni maji na kitambaa. Nunua vitambaa laini vya pamba viwili vitatu, vifue na kuvisuuza vizuri kabla ya kuvitumia, basi. Uso wa kichanga unatosheka na maji ya uvuguvugu. Sabuni ya mche ni kali kwa ngozi hiyo: pH yake, yaani kipimo cha asidi, ni kama 9 hadi 10, wakati ngozi yenye afya iko karibu na 5.5. Dettol kwenye beseni la mtoto nayo haina kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri hata kumwogesha mara ya kwanza kusubiri saa 24 tangu azaliwe.

Kwa harara, pesa yako iende kwenye nguo nyepesi za pamba. Dar mwezi wa Februari unakuta mtoto amevikwa sweta, kofia, soksi na shali juu. Mfunue: shingo imelowa, nywele zimegandamana kisogoni, na vipele vimejipanga pale pale palipofunikwa. Vitundu vya jasho vimeziba. Ukiongeza mafuta mazito juu yake umeziba zaidi.

Namba mbili ni mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Haya ni ya ngozi kavu, ile inayobanduka mikononi na miguuni wiki za mwanzo, au mashavu yaliyokauka hadi kukwaruza. Si ya harara wala ya chunusi. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyomo kwenye ngozi yasipotee, kwa hiyo mkaushe mtoto kwa kumgusagusa na taulo, kisha paka kiasi cha punje ya kunde ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Shida ni kuyapata. Rafu nzima ni ya pinki na bluu yenye kunukia, kwa hiyo geuza kopo usome nyuma: ukiona neno parfum au fragrance, lirudishe. Yaliyohamishiwa kwenye kikopo kisicho na lebo usiyaguse. (Kenya kuna jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe, na watu wakaigeuza ya ngozi zao. Kwa mkubwa sina neno.)

Usinunue kopo kubwa kwa kuahidiwa kwamba litamkinga mtoto na pumu ya ngozi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia watoto zaidi ya 1,300 wenye aleji kwenye familia. Kupakwa mafuta kila siku mwaka wa kwanza hakukupunguza ugonjwa huo walipofika miaka miwili.

Namba tatu, mafuta ya mimea. Ya nazi yanafaa kulainisha magamba ya kichwani kabla ya kuyachana taratibu, ila yasishuke kwenye uso wenye chunusi. Ya alizeti yanafuata. Ya zeituni nayaweka chini kabisa kwenye kundi hili, na najua kwamba nyumba nyingi za pwani yana heshima yake. Asidi ya oleiki iliyojaa humo hudhoofisha ukuta wa ngozi, na mtoto mwenye ngozi nyepesi kukasirika ndiye anayeumia zaidi.

Namba nne ni bebi losheni za supamaketi. Picha ya mtoto mbele ya chupa haikuambii kitu. Nyingi zina manukato na orodha ndefu ya viambato, na bei juu.

Chini ya hapo ni vya kuacha dukani. Poda huingia kwenye mapafu ya mtoto, na shingoni ikichanganyika na jasho inaganda kama uji. Johnson & Johnson wenyewe waliacha kuuza poda ya talki duniani kote mwaka 2023. Wanja wa kuchora nyusi na kufukuza kijicho huweza kuwa na risasi, madini yanayoharibu ubongo wa mtoto. Basi mtoto asipakwe.

Kabisa mwisho ni ile tyubu ya jirani. Ukiona betamethasone au clobetasol kwenye boksi, hiyo ni steroidi kali. Vipele vitakimbia kwa siku mbili na kila mtu atasifu dawa, kisha vinarudi vikali zaidi, ngozi ikiwa imekonda, na dawa yenyewe hupenya haraka hadi kwenye damu. Muuzaji wa duka la dawa hawezi kukuandikia hiyo kwa kuona picha kwenye simu.

Malengelenge yenye maji, usaha, wekundu kuzunguka kitovu, joto la kwapani kufikia nyuzi 37.5, au mtoto kukataa kunyonya: hapo hakuna cha kununua. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na usimpake kitu njiani, ili mhudumu aione ngozi ilivyo.