Chupa ileile, dawa nyingine: tathmini ya dawa ya kuondoa ngozi iliyokufa usoni

Mwaka jana nilinunua dawa hii katika duka la vipodozi huku Ngamiani, Tanga, nikaipaka usiku mmoja kwa dakika kumi kama karatasi yake ilivyoelekeza, na kulipokucha shavu la kushoto lilikuwa na baka linalowaka, ambalo baadaye liligeuka jeusi likakaa miezi minne. Ndiyo maana niliposikia kwamba mchanganyiko umebadilishwa, sikuwa na haraka ya kuirudia.

Chupa na bei havikubadilika. Dawa ya zamani ilitegemea asidi ya glikoliki peke yake, ambayo molekuli zake ni ndogo na hupenya ngozi upesi. Sasa kiasi chake kimepunguzwa, ikaongezwa asidi ya laktiki, ileile inayoyapa maziwa mgando ukali wake, yenye molekuli kubwa kidogo na isiyo na pupa. Manukato yameondolewa, imebaki harufu hafifu ya siki.

Safari hii nilijaribu kwanza tone moja nyuma ya sikio na kusubiri siku nzima. Usiku uliofuata nilinawa, nikaukausha uso kabisa, nikapaka utando mwembamba huku nikikwepa pembe za pua na chini ya macho, na simu nikaitegesha dakika tano. Ilichonyota kidogo mwanzoni, kisha ikatulia. Anayetarajia kuona ngozi ikibanduka kama gamba la nyoka atavunjika moyo, na ni heri avunjike, kwa kuwa kazi ya asidi hizi ni kulegeza kinachozishikanisha seli zilizokufa, nazo hutoka kidogokidogo bila kuonekana. Baada ya wiki sita, nikipaka mara moja tu kwa wiki, vile vipele vidogo vya kwenye paji la uso, ambavyo vidole vilikuwa vikijikwaa navyo kila ninaponawa, vimebaki vichache.

Shangazi yangu, ambaye amewasinga maharusi wengi kwa liwa, aliiangalia chupa akauliza, “Mwanangu, pesa yote hiyo, na maziwa mgando yamejaa jikoni?” Nilimjibu, “Shangazi, ya jikoni hayajapimwa ukali.” Hakuridhika.

Kinachoniudhi ni onyo kuhusu jua, lililoandikwa nyuma ya boksi kwa Kiingereza tu, tena kwa herufi za kutafutwa kwa tochi. Asidi ya glikoliki huifanya ngozi idhurike na jua kwa urahisi, na hali hiyo inaweza kuendelea hadi wiki moja baada ya kuacha kupaka. Kwa mtu anayesubiri daladala saa saba mchana, au anayeshinda ufukweni Raskazone, dawa hii bila losheni ya kukinga jua itamletea madoa yaleyale aliyokusudia kuyaondoa. Kwa hiyo bei ya losheni hiyo ihesabiwe pamoja na ya chupa.

Nitaimaliza, kwa dakika zangu tano. Mfuniko nao bado unavuja kama ule wa zamani, hivyo chupa naiweka wima ndani ya kikombe.