Timu iliyonitengenezea sistimu ya dagaa, Mwanza: maoni yangu

Wadau wa dagaa pale Mwaloni Kirumba mnajua hesabu zetu haziendi na kalenda, zinaenda na giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, ndo tunakaa na wavuvi tunafunga hesabu. Sasa developa wa kwanza niliyempa kazi alinitengenezea sistimu inayofunga hesabu kila tarehe 30, nikimwambia andika basi tulichokubaliana ananijibu "mama sisi tunafanya ajaili, hatuandiki madokumenti". Ajaili (Agile) ni mtindo wa kutengeneza programu kipande kwa kipande huku mteja akijaribu. Akahamia Dar. Kijana aliyempokea akafungua code ya programu hakukuta hata mstari mmoja wa maelezo, wiki tatu anabahatisha tu na mimi nimerudi kwenye daftari.

Hawa wa sasa wako Nyegezi, vijana wanne, na kiukweli nawapa tano zote. Siku ya kwanza laptop hazikufunguliwa kabisa, walikuja na makapeni na manila wakakaa na karani wangu juu ya magunia wakachora gunia linatoka mtumbwini, linapimwa, nani anaandika, deni la mafuta la mvuvi linakatwa wapi. Karani akawakosoa mara tatu, wakachora upya palepale. Kila wiki mbili wanaleta kipande kinachofanya kazi, tunakijaribu kwenye simu, tukiridhika nalipia hicho.

Na wanaandika! Kurasa 4 tu, Kiswahili, na moja ni ya maamuzi peke yake, tumeamua nini na kwa nini. Kuna mstari naupenda sana: "Hesabu isijifunge yenyewe, ifungwe kwa kitufe siku tajiri na mvuvi wakiwepo wote." Nikawauliza mbona yule alisema ajaili haina kuandika, wakanionyesha ile manifesto yenyewe ya ajaili ya 2001, ya wale watu 17 waliokutana Snowbird kule Utah, Marekani. Inasema programu inayofanya kazi inatangulia dokumenti nyingi, ila inamalizia kwamba hata hayo yanayofuata nyuma, dokumenti zikiwemo, yana thamani. Yaani mwenzetu alisoma nusu.

Kasoro ninayo moja, kuna siku walibadilisha skrini ya mizani wakasahau kubadilisha mchoro wa ukutani, karani akahangaika siku nzima, jioni wakaja kurekebisha.

Juzi mmoja wao kaondoka kwenda masomoni. Aliyechukua nafasi yake kaanza Jumatatu, Jumatano ripoti ya madeni iko tayari, na hakunipigia simu kuuliza giza ni nini.