Tathmini ya seti ya aluminiamu ya rota ya mkia kwa helikopta za rimoti za daraja la 450

Seti ninayoitathmini hapa ni rota kamili ya mkia iliyochongwa kwa aluminiamu, iliyokusudiwa kuchukua nafasi ya ile ya plastiki kwenye helikopta za daraja la 450, yaani zile zenye mabapa makuu ya urefu wa takriban milimita 325. Ndani ya pakiti mna habu (kipande cha katikati kinachofungwa kwenye shafti na kubeba vishikio), vishikio viwili vya mabapa vikiwa na beringi zake, shafti ya milimita 3 yenye puli ya mkanda, slaida inayobadilisha pembe ya mabapa, wenzo wa kuisukuma slaida hiyo, na nyumba inayobeba vyote. Sitataja chapa, kwa kuwa muundo huu huuzwa kwa majina mengi na kasoro nitakazozieleza zinatokana na muundo wenyewe na jinsi vipande vinavyounganishwa kiwandani. Wanunuzi wengi huiendea seti kama hii baada ya mkia kuanza kuyumba au kushindwa kushika mwelekeo, wakiamini kwamba aluminiamu itamaliza tatizo. Maoni yangu ni kwamba nusu ya seti hii ni kazi nzuri sana, lakini nusu nyingine inaweza kuuleta upya ugonjwa uleule ambao mnunuzi alitaka kuutibu.

Mizigo inayobebwa na vipande hivi ni mikubwa kuliko umbo lake linavyodokeza. Rota ya mkia huzunguka mara nne hadi tano kwa kila mzunguko mmoja wa rota kuu. Kwa hiyo rota kuu inapokwenda kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, ile ya nyuma huwa kwenye mizunguko 11,000 hivi. Kwa kasi hiyo, bapa la gramu 2 ambalo uzito wake umekaa milimita 45 kutoka katikati ya shafti hukivuta kishikio chake kwenda nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 12. Nguvu yote hiyo inashikiliwa na skrubu moja nyembamba na beringi moja ndogo kuliko kitufe cha shati, na ndiyo maana tathmini ya mkia haiwezi kuishia kwenye rangi na mng'ao wa aluminiamu.

Habu ya seti hii ni nzuri. Tundu lake linaikaa shafti bila plei yoyote, yaani bila nafasi ya kutikisika, na shafti imetobolewa kishimo ambamo ncha ya skrubu isiyo na kichwa, ya kipimo cha M3, huingia na kujikita. Kwenye seti nyingine za aina hii shafti huja laini kabisa, na hapo skrubu hushikilia kwa msuguano tu. Hata hivyo, skrubu ilifika kutoka kiwandani ikiwa kavu, bila hata tone la gundi ya hesi (ile inayozuia mizingo ya skrubu isilegee), na kwa mtetemo wa sehemu hii skrubu kavu ya chuma ndani ya aluminiamu hujifungua yenyewe. Dalili zake hudanganya: mkia hushika vizuri helikopta ikielea mahali pamoja, kisha rubani anapoongeza mzigo ghafla pua hukimbia upande mmoja na kurudi, kana kwamba jairo, kifaa cha elektroniki kinachohisi mkia ukigeuka na kuusahihisha, imechoka. Wengi hukimbilia mipangilio ya jairo na kuongeza usikivu wake, ilhali habu inateleza kwenye shafti. Njia ya kuthibitisha ni kuishika rota kuu isizunguke, kisha kuisokota habu kwa vidole na kutazama kama shafti inazunguka pamoja nayo. Ikiwa habu inasogea huku shafti imetulia, hakuna mpangilio wa elektroniki utakaoponya. Skrubu itolewe, hesi zote mbili zisafishwe mafuta kwa spiriti, gundi ya nguvu ya wastani itiwe kidogo, na ncha ya skrubu ihakikishwe kuwa imeingia kishimoni kabla ya kukazwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 1.5 isiyochakaa ncha. Gundi hiyo isiguse viungo vya plastiki, kwa kuwa baadhi ya plastiki hupasuka inapozifikia, wala isiingie kwenye beringi. Siku ya kuifungua, joto la ncha ya chuma cha kulehemu huilainisha bila kuharibu hesi.

Vishikio vya mabapa ndivyo vinavyonipa sababu ya kuipendekeza seti hii, na pia ndivyo vinavyohitaji uangalifu zaidi. Kila kimoja kina beringi mbili za kawaida na beringi moja ya msukumo, ile inayopokea mvuto wa kwenda nje. Seti za bei nafuu huiacha beringi hiyo, na hapo beringi za kawaida hulazimika kubeba mzigo ambao hazikuumbiwa: gololi zake hukwaruza njia yake, kishikio huwa kizito kugeuka pindi rota inaposhika kasi, na sevo, mota ndogo inayoisukuma slaida kwa amri ya jairo, hushindana nacho. Katika seti hii beringi ya msukumo ipo na ni ya ubora unaoridhisha, ila kiwandani hawakuipanga sawasawa. Beringi hiyo ina washa mbili zinazofanana kwa macho lakini matundu yake yanatofautiana kidogo. Washa yenye tundu dogo inapaswa kukaa upande wa nje, karibu na kichwa cha skrubu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoshikamana na skrubu. Yenye tundu kubwa hukaa upande wa habu na kusogea pamoja na kishikio. Katika kishikio kimoja zilikuwa zimebadilishana nafasi, na grisi ilikuwa kidogo mno. Kasoro hii ni ya hatari kwa sababu mezani haionekani kabisa: kishikio hugeuka kwa ulaini, na mtu huridhika. Inajitokeza angani tu, mkia unapoanza kuyumba polepole kulia na kushoto kila kasi inapopanda. Kipimo ninachokiamini ni kuvuta vishikio vyote viwili kwa nje kwa nguvu ya mkono huku mtu akivigeuza. Vikiwa na ukakasi au mikwamo midogo, visirushwe mpaka vifunguliwe. Wakati wa kufungua ni vyema kuzijaribu washa kwenye skrubu moja baada ya nyingine, kwani tofauti ya matundu huhisiwa upesi zaidi kuliko inavyoonekana. Skrubu za vishikio nazo zilikuwa kavu, jambo ambalo halikubaliki kwa kipande kinachobeba kilo 12.

Slaida ndiyo aibu ya seti hii. Beringi yake ina plei inayohisiwa kwa kucha, na wenzo unaoisukuma umefungwa kwa skrubu ambayo ikikazwa kidogo tu wenzo hukwama, na ikilegezwa kidogo tu hutikisika juu na chini. Jairo hufanya kazi kwa masahihisho madogo mno, mengi katika kila sekunde, na kila sahihisho linalopotelea kwenye plei huufanya mkia uchelewe kujibu, kisha upitilize. Hapa inafaa kutofautisha aina mbili za kuyumba. Mtikisiko wa haraka na mfupi kwa kawaida ni wa usikivu wa jairo uliopandishwa kupita kiasi, na hutoweka unapopunguzwa. Kuyumba kwa taratibu ambako hakuondoki hata usikivu ukishushwa sana ni kwa plei au msuguano, na hapo dawa iko kwenye vipande vya mkia. Ili kujua, kiungo cha gololi kitolewe kwenye mkono wa sevo, kisha fimbo inayounganisha sevo na wenzo isukumwe kwa kidole kimoja: slaida inapaswa kwenda mwisho hadi mwisho bila kukwama popote, huku vishikio vikitii kwa wakati uleule. Nilipoweka tena slaida ya plastiki ya awali pamoja na vishikio vipya vya aluminiamu, kuyumba kulikwisha, na mpangilio huo mchanganyiko ndio ninaoupendelea.

Kuhusu mkanda na puli sina malalamiko. Meno ya puli yamechongwa vizuri na mkanda haurukiruki unapozuia habu kwa mkono na kuisokota rota kuu taratibu. Mkanda uliolegea huruka meno mzigo unapozidi, na uliokazwa mno hula betri na kuzimaliza beringi za shafti. Wakati wa kuurudisha ni lazima kuangalia upande ambao umepindwa, kwa sababu ukipindwa kinyume rota ya mkia huzunguka kinyume pia.

Lipo jambo ambalo matangazo ya vipande vya aluminiamu hayaligusi. Bapa la mkia likigusa ardhi, kishikio cha plastiki huvunjika na aghalabu kila kitu kingine kinabaki salama. Kishikio cha aluminiamu hakivunjiki, hivyo pigo husafiri hadi kwenye shafti ya milimita 3 na kuipinda, au hadi kwenye meno ya mkanda. Shafti iliyopinda kidogo haitambuliki kwa kutazama. Iviringishwe juu ya kioo, na mwanga ukionekana ukija na kutoweka chini yake, haifai tena. Skrubu zilizopitia pigo kama hilo nazo zibadilishwe, hata kama zinaonekana nzima.

Kwa sababu hiyo sioni kwamba seti hii inamfaa anayeanza kujifunza kuelea, ambaye mkia wake utagusa ardhi mara kwa mara. Inamfaa yule anayerusha kwa kasi kubwa na anayekubali kuifungua seti yote kabla ya safari ya kwanza, aiunganishe upya kwa gundi na grisi. Awe pia amezoea kuitumia swichi ya kukata mota bila kufikiri: kwenye helikopta ambayo rota yake kuu huzunguka kuelekea mkono wa saa, mkia ukikatika pua hukimbilia kushoto, na kila sekunde ambayo mota inaendelea kuvuta huongeza mzunguko huo. Majaribio ya kwanza ya mota yafanywe bila mabapa, na yakishafungwa pasiwe na mtu aliyesimama kwenye usawa wa rota ya mkia. Muuzaji niliyenunua kwake hauzi slaida wala beringi zake peke yake, kwa hiyo anayeagiza seti hii aagize pia slaida ya plastiki ya akiba.