Nilirudisha kitabu kwenye kiti cha kitubio, kanisa zima likasikia

Nianze na kosa langu, maana nalijua: nilichelewesha kitabu. Si siku moja wala mbili. Lakini adhabu niliyoipata haimo katika kanuni zilizobandikwa mlangoni. Nimezisoma zote, mpaka ile ya miavuli.

Kwa asiyepajua, ni kanisa la kale la mawe. Walipolikarabati ndani, nusu ya nyuma ikawa maktaba ya watu wote, mbele altare ikabaki na ibada zake kama kawaida. Viti vya kitubio, vile vibanda vya kuungamia dhambi kwa padri, vilikuwa viwili. Kimoja kimeachiwa kazi yake, kingine kimegeuzwa dirisha la kurudishia vitabu. Nadhani msanifu aliona huo ni utani mzuri. Hata mimi mara ya kwanza nilicheka.

Siku hiyo basi nikainama kwenye kidirisha, nikapenyeza kitabu kimyakimya. Kilikuwa cha afya. Kilihusu bawasiri. Nalisema mwenyewe sasa kwa kuwa hakuna tena wa kumficha. Dada aliyekuwa ndani akakigeuza, akatazama tarehe, akapaza sauti kama anayeita abiria: "Kaka, hiki cha bawasiri umekaa nacho muda wote huu? Wenzako wanakisubiri!"

Chini ya kuba la mawe neno halifi upesi. Likapanda, likagonga juu, likarudi: bawasiri… siri… siri… Mzee aliyekuwa akisali rozari benchi la tatu akageuka. Watoto wa kona ya kuchorea wakalipokea, wakaanza kuliimba.

Yule dada ningeweza kumsamehe, labda ana siku zake mbaya. Nisiowasamehe ni waliokaa na michoro miezi mingapi sijui, wakajadili rangi ya mbao na taa za kusomea, asiwepo hata mmoja wa kupiga makofi katikati ya jengo akasikiliza. Makanisa haya yalijengwa kabla ya vipaza sauti. Mawe, lipu ngumu na dari la juu vinaibeba sauti mpaka mlangoni, na wimbo unaendelea kuelea hewani waimbaji wakiwa wameshafunga vinywa. Ndiyo sifa yake! Maktaba inataka kinyume chake kabisa. Wangetandika mazulia, wangetundika mapazia mazito, au basi dirisha la kurudishia wangeliweka kwenye chumba cha pembeni chenye mlango. Vitabu vyenyewe hunyonya sauti kidogo, ila rafu za pale zinakuishia kifuani, na juu yake ni hewa tupu hadi kwenye kuba.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mengine waliyapatia. Rafu hazigusi ukuta, hakuna msumari uliopigwa kwenye jiwe. Siku wakizitoa, kanisa litabaki lilivyokuwa. Ni njia iliyotumika Maastricht, Uholanzi, katika kanisa la Wadominiko lililowekwa wakfu mwaka 1294 na kufunguliwa kama duka la vitabu mwaka 2006: jengo la chuma limesimama peke yake kati ya nguzo, unapanda ngazi ukiwa umezungukwa na vitabu. Huko huko Uholanzi, kanisa la Vught lina rafu za kwenye reli, zinasukumwa pembeni kukiwa na shughuli. Za hapa zina magurudumu, na zinasogea vizuri, sikatai.

Halafu kuna roshani ya chuma. Nilipanda kukimbia aibu, nikajikuta uso kwa uso na dirisha la vioo vya rangi ambalo tangu liwekwe watu wamelitazama kutoka chini. Malaika ana kope! Fundi alizichora moja moja, mahali ambapo hakutegemea yeyote afike. Nilikaa pale nusu saa, nikasahau kilichonipandisha.

Wapo wanaosema vitabu na kanisa havichanganyiki. Hao siwaungi mkono. Grantham, Uingereza, kuna maktaba juu ya kibaraza cha mlango wa kanisa tangu mwaka 1598, na vitabu vilifungwa kwa minyororo. Angalau huko kitabu hakitoki, kwa hiyo hakuna wa kukuuliza umekaa nacho muda gani.

Nilikusudia kuipa maktaba hii nyota moja. Nilipokumbuka zile kope nikaandika nne. Kabla sijatuma nikaona haki nirudi tena, nimpe yule dada nafasi ya pili. Nikainama, nikamnong'oneza jina la kitabu kingine ninachotaka kuazima.

"Sema kwa sauti, kaka, sikusikii!"

Nyota mbili. Kitabu sikukichukua.