Kola yenye akili mnemba au jicho la mchungaji?

Ng'ombe jike huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, na muda wa kukubali kupandwa ni saa chache tu. Ukimkosa, unasubiri wiki tatu nyingine.

Kola yenye akili mnemba, yaani mkanda wa shingoni wenye vihisi, hupima mwendo na kucheua. Ng'ombe akihangaika na kucheua kidogo kuliko kawaida yake, simu ya mwenyewe inalia kumjulisha kuwa huenda yuko joto. Kola haisinzii. Ila inataka betri na mtandao, na kwenye vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, mtandao huja na kuondoka kama ukungu.

Mchungaji yeye huona ute mwembamba uning'iniao chini ya mkia, na ng'ombe wake anawajua kwa majina. Shida ni usiku: wengi hupandana gizani, naye amelala (nani amlaumu, kwa baridi ile?).

Mwenye ng'ombe sita, mimi ningemwambia aongeze mshahara wa mchungaji. Mwenye mia moja, kola zitamsaidia kweli. Ila maziwa yakishapakiwa kwenye vidumu, juu ya pikipiki, kupitia Sake hadi Goma, yakachachuka njiani, hapo kola na mchungaji wote hawana msaada.