Mwaka mmoja na leseni ya TV Uingereza: nimelipa, na mechi ya saa tisa sijaiona

Kabla sijahamia Leicester nilidhani ukishanunua TV umemalizana nayo. Nilipata moja ya inchi 32, mtumba safi, nikaibeba mwenyewe kutoka kituo cha basi. Kwenye ngazi nikakutana na jirani wa chini, mama wa Kihindi aliyetoka Kampala mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza, na Kiswahili chake bado kina ladha ya dukani. "Mtoto yangu, leseni iko?" Nikamjibu, "Shikamoo mama, mimi siendeshi gari." Alicheka mpaka akashika ukuta.

Hapo ndipo nikaelimishwa. Ukitaka kutazama chaneli yoyote mubashara, iwe kwenye TV, simu au kompyuta, au ukifungua BBC iPlayer, huduma yao ya kutazama vipindi mtandaoni, hata kwa kipindi cha juzi, lazima uwe na leseni. Tangu Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Ukikamatwa huna, faini inaweza kufika pauni 1,000. Netflix peke yake haidai leseni, ilimradi hutazami kinachorushwa mubashara. Leseni moja hutosha familia nzima, lakini mimi nimepanga chumba kwa mkataba wangu mwenyewe, kwa hiyo ya wenzangu hainikingi. Na kuna hili ambalo hakuna aliyeninong'oneza: ukichagua kukatwa benki kila mwezi, leseni ya kwanza unaimaliza ndani ya miezi sita. Kwa bei hiyo ilikuwa kama pauni 29 kwa mwezi, wakati mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya 14 na ushei. Mgeni unayesubiri mshahara wa kwanza, jipange.

Sasa nimepata nini? Kwanza, utulivu. Hakuna king'amuzi. Tundu la antena lilikuwa ukutani, nikachomeka waya, TV ikajitafutia chaneli za Freeview, zile za bure za antena, zikaja nyingi kuliko nitakazowahi kutazama. Hakuna kifurushi kukata katikati ya taarifa ya habari. BBC haina matangazo ya biashara kabisa, na mtu aliyezoea kukatizwa na sabuni kila dakika kumi huwa anakaa anayasubiri. Ambacho hakijaniingia akilini hadi leo ni kwamba hata ukiwa mtu wa ITV ya huku tu, yenye matangazo yake tele, leseni unalipa vilevile.

Kingine ninachokisifu ni maandishi ya chini. Kiingereza nilichosomea Tanga sicho wanachozungumza watu wa Glasgow. Bila yale maandishi, tamthilia za Scotland kwangu zingekuwa sinema bubu. Mama jirani hana shida hiyo. Yeye Kiingereza cha mtaani amekiokota kwenye tamthilia ya Coronation Street, ambayo ipo hewani tangu 1960, na anawasema wahusika wake kama mawifi.

Baba nilipomtajia bei kwa simu alinyamaza, akauliza kama nimetapeliwa. Nikamweleza kwamba tangu 2014 sehemu kubwa ya fedha za BBC World Service, na Idhaa ya Kiswahili imo humo, inatokana na leseni hizi. Yeye ameisikiliza idhaa hiyo tangu ujana wake bila kutoa senti. "Kumbe siku hizi wewe ndiye unayenilipia redio," akasema, na sauti ikalainika.

Lakini mpira, jamani. Mimi ni Arsenal wa damu, na nilikuja nikijua nimefika jikoni kwenyewe. Jumamosi ya kwanza saa tisa alasiri nikawasha TV, nikapitia chaneli zote: mapishi, minada ya vitu vya kale, farasi. Mechi hakuna. Nikadhani rimoti mbovu. Kumbe Jumamosi, kuanzia saa nane na dakika arobaini na tano hadi saa kumi na moja na robo, mechi kwa kawaida hazirushwi mubashara Uingereza, hata ukiwa na vifurushi vyote vya kulipia. Ni utaratibu wa tangu miaka ya 1960. Bob Lord, mwenyekiti wa klabu ya Burnley, aliwashawishi wenzake kwamba watu wakiona mpira sebuleni hawatakuja uwanjani, na timu ndogo zitakufa njaa. Hoja ninaielewa, tena ina huruma ndani yake. Ila saa hiyohiyo mdogo wangu yupo kibanda umiza kule Tanga, kalipa jero, anatazama mechi inayochezwa mwendo wa treni kutoka kwangu, halafu ananiandikia: "Kaka, umeona lile goli?"

Sijaona. Nasubiri Match of the Day, kipindi cha BBC cha muhtasari wa mechi, usiku, nikiwa nimeshajua kila kitu.

Kwa hiyo nyota nne kati ya tano, na leseni nimeihuisha. Ile ya tano imezuiwa na Jumamosi. Saa tisa naizima TV niliyoilipia na kufungua redio kwenye simu, maana mechi wanaitangaza huko na redio haijadai leseni tangu 1971. Nakaa nimeinamisha kichwa kama baba na redio yake ya mkulima ya betri nne. Tatizo, redio ya simu inachelewa. Mtangazaji bado yuko katikati ya uwanja, mdogo wangu ameshanitumia "GOOOO".