TAHADHARI: Fundi wa dari la gari "ndani ya saa moja, bila kung'oa kitu"

Wenye magari ambayo kitambaa cha dari kimeanza kulegea na kuning'inia, someni hili kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna fundi anajitangaza mtandaoni kwa picha za kabla na baada. Anakufuata mpaka ulipoegesha, anamaliza kazi ndani ya saa moja bila kung'oa chochote, bei yake chee, na anakupa dhamana ya mdomo. Simtaji jina. Hayuko peke yake, na ukimfungia huyu namba utakutana na mwingine mwenye tangazo lilelile, pengine na picha zilezile. Afadhali niueleze mchezo wenyewe ulivyo.

Mimi ni fundi wa siti na mambo ya ndani ya gari, na magari yaliyopitia kwa hawa jamaa mengi huishia kwangu. Najua kuna watakaosema naponda wenzangu nipate wateja. Semeni tu. Lakini kabla hujasema, nenda kaguse dari la gari lako kwa kidole pale lilipolegea, usugue kidogo. Ukiona unga wa rangi ya chungwa au kahawia unadondoka kwenye siti, au kidole kinahisi kama kuna chengachenga nyuma ya kitambaa, basi hayo ninayoyaeleza yanakuhusu.

Dari la gari lina tabaka. Juu, upande wa bati, kuna ubao mwepesi uliofinyangwa kufuata umbo la paa. Tunauita ubao kwa mazoea tu, maana kwa kawaida ni nyuzi za kioo au karatasi nzito iliyoshindiliwa. Chini ya ubao kuna sponji nyembamba, milimita tatu hivi, na sponji hiyo imeshikanishwa na kitambaa tangu kiwandani. Gundi inashika sponji, sponji inashika kitambaa. Kitambaa chenyewe hakigusani kabisa na ubao.

Sasa, sponji hiyo ni ya poliyurethani, na joto na unyevu huila polepole. Gari linalolala juani mchana, kisha linakaa na unyevu usiku, miaka inavyokwenda sponji inapoteza nguvu, inavunjikavunjika na kuwa unga, na mahali pengine inakuwa kitu cha kunatanata. Kitambaa kinaweza kuwa kizima kabisa. Ubao nao mzima. Aliyekufa ni wa katikati. Ndiyo maana dari huanza kuachia kwa nyuma, au kuzunguka taa ya ndani, kisha siku moja linakushukia kichwani na kukuzibia kioo cha kutazamia nyuma.

Ukishaelewa hapo, umeshaelewa utapeli wote. Yule fundi wa saa moja anachofanya ni kupachika gundi juu ya unga. Wako wanaochana upenyo mdogo pembeni, wanaingiza mrija wa kopo la gundi ya kupuliza, wanapuliza, kisha wanakandamiza kwa kiganja. Wako wanaotumia bomba la sindano. Wengine wanapitisha pasi ya mvuke ili gundi ya zamani ilainike na kushika tena, nayo inashika kweli, mpaka jua la kwanza kali. Na wako wale ninaowaona ni hatari kuliko wote, wanaopiga pini za stepla na kufunika na utepe wa urembo.

Gari moja lililoletwa kwangu lilikuwa limepulizwa gundi namna hiyo. Nilipovuta kitambaa kilitoka chote kwa mkono mmoja, na upande wake wa ndani ulikuwa umepakwa rangi ya chungwa sawasawa, kama mkate uliochovywa kwenye mchuzi. Gundi haikuwa mbovu hata kidogo. Ilishika vizuri sana, ila ilichoshika ni unga, na ule unga wenyewe haukuwa umeshikana na kitu. Hapo hata ungemiminiwa ndoo nzima ya gundi bora duniani, matokeo ni yaleyale.

Kinachowasaidia matapeli hawa ni kwamba kosa halionekani siku hiyo. Jioni dari limenyooka, picha inapigwa, hela inaingia, na mteja anaandika maoni ya nyota tano usiku uleule. Kasoro inasubiri joto. Ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita nyuzi 50 za Selsiasi bila shida, na dari liko chini kabisa ya bati linalopigwa na jua moja kwa moja, kwa hiyo lenyewe hupata zaidi. Gundi ya kubandikia karatasi au mapambo ya nyumbani ikifika joto hilo inalainika. Uzito wa kitambaa unafanya kazi iliyobaki. Ukimpigia simu utaambiwa, "Bosi, hiyo ni joto, dhamana haihusu joto." Dari la gari lisilohimili jua ni la nini sasa?

Kuna daraja la pili la utapeli, na hili linawapata hata waliokataa kazi ya saa moja. Huyu anakubali kubadilisha kitambaa, anakuonyesha kipya, anakuambia ni orijino. Akikupa kipande, kitazame ubavuni. Kitambaa cha dari la gari kina sponji mgongoni, unaiona kwa macho kwenye ukingo uliokatwa, na ukikibinya kinabonyea kisha kinarudi. Kikivutwa kinanyumbulika pande zote. Huyu jamaa anakuja na kitambaa cha pazia, cha makochi, au cha suti, hakina sponji. Kikibandikwa, gundi inapenya na kutokeza madoa upande wa chini, kila kibonyeo na kila mkwaruzo wa ubao unaonekana, na kwa kuwa hakinyumbuliki, pale ubao unapoingia ndani, kama kwenye vizuia jua na kuzunguka taa, kinajivuta na kuacha uwazi. Ule uwazi ndio unaoanza kushuka kwanza.

Tena kuna suala la moto ambalo wateja wengi hawalifikirii. Vitambaa na sponji za ndani ya gari hutengenezwa kwa kuzingatia kasi ya kuungua. Marekani, kwa mfano, ina kanuni ya usalama wa magari iitwayo FMVSS 302, na humo kikomo cha moto kusambaa ni milimita 102 kwa dakika. Kitambaa cha pazia hakikupimwa kwa ajili ya kuwa juu ya vichwa vya watu waliofungwa mikanda. Mimi siwezi kukiweka kwenye gari la mtu hata akiniomba kwa kuwa rangi yake imempendeza.

Nirudi kwenye pini za stepla, maana hapa sitanii. Magari mengi ya miaka hii yana mifuko ya hewa ya pembeni, ile eabegi ya pazia, iliyokunjwa kama utambi mrefu juu ya milango, kuanzia nguzo ya mbele, ile iliyo pembeni mwa kioo cha mbele, kwenda nyuma. Iko nyuma ya ukingo wa dari. Gari likigongwa ubavuni, mfuko huo unasukuma ukingo wa dari na kushuka kati ya kichwa chako na kioo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kama gari lako linayo, utaona maandishi SRS AIRBAG yamechapwa kwenye plastiki za nguzo. Sasa mtu anakuja na mashine ya pini, anapiga mstari mzima pembeni, juu ya milango, bila kujua nyuma yake kuna nini. Pini inaweza kutoboa kitambaa cha mfuko, inaweza kugusa waya, na hata isipogusa kitu, umepigilia ukingo uliotakiwa kuachia. Nimeng'oa pini za namna hiyo kwenye gari la mama mmoja anayepeleka watoto shule. Zilikuwa zimejipanga vizuri, zimefunikwa na utepe mweusi uliopendeza kweli.

Fundi anayejua kazi, kabla hajagusa plastiki za nguzo anachomoa betri na kusubiri dakika kadhaa umeme uliobaki uishe. Ukimwona mtu anang'oa nguzo zenye maandishi hayo huku redio inaimba, mwambie ashuke.

Basi kazi ya halali ikoje? Jambo kubwa ni moja: ubao lazima utoke nje ya gari. Zinafunguliwa vizuia jua, vishikio vya juu ya milango, taa ya ndani, plastiki za nguzo na mipira ya milango, siti zinalazwa, kisha ubao unatolewa mzima kupitia mlango wa nyuma au wa abiria wa mbele. Unatolewa bila kukunjwa, kwa sababu ukikunjwa unavunjika, na mara nyingi unavunjikia pale kwenye tundu la taa. Halafu kitambaa kinachunwa, na inabaki ile kazi isiyopigwa picha na mtu: kusugua unga wote wa sponji kwa brashi mpaka ubao ubaki mtupu. Hapo ndipo muda unapokwenda, na ndipo wanapolipua hata wale waliotoa ubao nje. Vumbi lake linakera kifua, fundi anavaa barakoa, na kazi haifanyiki ndani ya gari lako huku siti zako zikipokea.

Baada ya hapo gundi ya kuhimili joto, iliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya dari au ya mapambo ya gari, inapulizwa pande zote mbili, kwenye ubao na mgongoni mwa sponji mpya. Inaachwa mpaka ukiigusa inanata bila kubaki kidoleni. Akibandika ikiwa mbichi, kimiminika chake kinapenya sponji na madoa yanatokea. Kitambaa kinalazwa nusu kwanza, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa kiganja taratibu, kinaingizwa kwenye mabonde ya ubao bila kuvutwa. Kingo zinakunjwa kwenda nyuma. Matundu ya taa na vishikio hukatwa mwishoni. Hiyo ni kazi ya nusu siku mpaka siku nzima, kutegemea gari. Lenye dirisha la paa linachukua zaidi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi kabla ya kukubaliana bei ni hili: "Nitauona ubao ukiwa nje, umesuguliwa, kabla hujapaka gundi?" Anayejua kazi atakwambia njoo saa fulani uone, au atakutumia picha yenye namba ya gari lako nyuma. Tapeli ataanza maelezo marefu. Wengine watasema gari lako ni aina ambayo ubao hautoki. Uliingia kiwandani, utatoka. Yapo magari ambayo kuutoa ni usumbufu mkubwa, hilo kweli, lakini anayekwambia haiwezekani anakwambia hataki.

Kuhusu malipo sina mengi. Usitume hela yote kabla. Hela ya kitambaa ikidaiwa mapema, nenda naye dukani ukanunue mwenyewe, kwa sababu wapo wanaopokea hiyo ya kitambaa na simu inazimika palepale.

Kitu kingine: kama dari lina alama za maji, zile duara za kahawia, fundi asipokuuliza maji yanaingilia wapi, huyo anakuandalia safari ya pili. Mara nyingi ni mirija ya kutolea maji ya dirisha la paa imeziba, au mpira wa kioo cha mbele umechoka. Kitambaa kipya juu ya paa linalovuja kitaharibika kama cha kwanza.

Na wewe ambaye tayari umeshapitiwa na hawa? Kama walipuliza gundi tu, hujapoteza ubao. Kazi ya kusugua itakuwa ngumu na fundi anayefuata atakutoza zaidi, ana haki. Kama walibandika kitambaa kipya juu ya cha zamani, usiking'oe kwa hasira, maana gundi nzito hubandua uso wa ubao pamoja nacho, na ubao ukichanika unaanza kutafuta mwingine kwenye magari yaliyokatwa. Hifadhi ujumbe wote mliotumiana, picha za siku ya kazi na risiti ya malipo ya simu, kisha weka maoni yako chini ya tangazo lake pale watu wanapolisoma.

Kama walipiga pini au waligusa plastiki za nguzo, leo hii washa swichi bila kuwasha injini na utazame taa ya eabegi kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, au isipowaka kabisa, peleka gari kwa fundi umeme mwenye kifaa cha kusoma hitilafu kabla hujampandisha mtu siti za pembeni.